Kimbunga, Dhoruba au Kisulisuli? Tujue Jina la Upepo Unaotupiga

Wakaazi wa Kariandusi, Elementaita, Mbaruk na Gilgil wanaujua upepo wa Januari na Februari. Jua likishakaza, ardhi hukauka, vumbi jeupe la machimbo hupanda juu, na mara kwa mara nguzo ya vumbi huzunguka uwanjani kama pia, ikibeba karatasi, majani makavu na hata nguo zilizoanikwa. Ikifika Machi na Aprili hali hubadilika. Wingu jeusi husimama, upepo wa baridi hutangulia, kisha mvua na radi hufuata. Huo ndio wakati ambapo mabati huezuliwa na miti kuangukia nyaya za umeme.

Hayo ni mambo mawili tofauti. Hata hivyo, ukisikiliza mazungumzo sokoni au ukisoma ujumbe unaosambazwa kwenye simu, utakuta yote mawili yameitwa "kimbunga". Redio nayo ikitangaza kwamba kimbunga kimetokea Bahari Hindi, neno ni lile lile, na msikilizaji wa Gilgil hubaki akijiuliza kama ahame au aanike mahindi yake.

Katika maongezi ya kawaida hakuna ubaya. Katika tahadhari kuna hatari. Mtu aliyezoea kusikia "kimbunga" kila vumbi linapopanda hatashtuka siku ambayo onyo ni la kweli. Na mtu asiyejua kimbunga cha baharini kiko umbali gani anaweza kuingiwa na hofu isiyo na msingi, au akasambaza hofu hiyo kwa wengine. Ndiyo maana katika toleo hili tunaleta somo fupi la lugha: maneno ya Kiswahili ya pepo kali, maana yake, matumizi yake na upatanisho wake wa kisarufi. Walimu wanakaribishwa kulitumia darasani.

Tuanze na upepo

Neno la msingi ni upepo, yaani hewa inayokwenda. Wingi wake ni pepo: upepo unavuma, pepo zinavuma. Hapa tuwe waangalifu, kwa kuwa Kiswahili kina "pepo" zaidi ya moja. Pepo zinazovuma ni upepo katika wingi. Pepo anayempanda mtu ni kiumbe cha kiroho, naye huchukua upatanisho wa viumbe hai: pepo amempanda. Na Pepo wanayoitumainia waumini ni makao ya mbinguni. Ndiyo tunayoitaja tunaposema "peponi". Kinachotofautisha maneno haya ni upatanisho unaofuata. Huenda ukaribu huu wa maneno umechangia imani iliyoko katika jamii nyingi kwamba nguzo ya vumbi inayozunguka ina kiumbe ndani yake.

Watu wa Pwani wana majina ya pepo za msimu pia. Kaskazi huvuma kutoka upande wa kaskazini-mashariki, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi karibu na Machi. Kusi huvuma kutoka upande wa kusini, kuanzia Aprili na kuendelea kwa miezi kadhaa. Ndizo pepo zilizosafirisha majahazi kati ya Afrika Mashariki, Uarabuni na Bara Hindi kwa karne nyingi. Tunaposema "kaskazini" na "kusini" tunayataja majina ya pepo hizo, hata sisi tunaoishi mbali na bahari.

Kisulisuli na chamchela

Kisulisuli ni upepo unaozunguka mahali pamoja kwa kasi huku ukiinua vumbi na takataka. Wingi wake ni visulisuli. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wamelizoea neno hili, kwa sababu ndilo lililotumiwa katika kisa cha Eliya kuchukuliwa mbinguni na katika kitabu cha Ayubu. Chamchela ni jina jingine la upepo unaozunguka, na mara nyingi husemwa "upepo wa chamchela" au "pepo za chamchela".

Nguzo za vumbi tunazoziona Kariandusi wakati wa kiangazi ni visulisuli. Hutokea hivi: jua hupasha moto ardhi iliyo wazi, hewa iliyo karibu na ardhi hupata joto kuliko ile iliyo juu yake, kisha hupanda haraka. Hewa ya pembeni hukimbilia kujaza nafasi hiyo, nayo ikianza kuzunguka, kisulisuli huzaliwa. Ndiyo maana hutokea adhuhuri au alasiri, anga ikiwa safi, hasa kwenye viwanja vya shule, mashamba yaliyolimwa na barabara za vumbi. Huchukua dakika chache tu, kisha huisha.

Hapa kwetu kisulisuli kina rangi yake. Ardhi ya Kariandusi ina tabaka nene za diatomaiti, mwamba mweupe mwepesi uliofanyika kutokana na magamba ya viumbe vidogo vya majini vilivyoishi katika ziwa la kale lililokuwa kubwa kuliko Elementaita ya leo. Tabaka za eneo hili ndizo zilizohifadhi mashoka ya mawe ambayo Louis Leakey na wenzake walianza kuyachunguza mwishoni mwa miaka ya 1920, na ambayo leo wageni huja kuyatazama katika kituo kilicho chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Upepo ukilipata vumbi hilo jepesi, hulinyanyua kwa urahisi. Kwa hivyo mtu akisema ameona "moshi mweupe unaozunguka" upande wa machimbo, huenda ameona kisulisuli wala si moto.

Dhoruba

Dhoruba ni upepo wenye nguvu unaokuja pamoja na hali mbaya ya hewa, kama vile mvua kubwa, radi, mvua ya mawe au vumbi zito. Asili yake ni Kiarabu, na lina udugu na neno dharuba, yaani pigo. Udugu huo unasaidia kukumbuka maana, kwa kuwa dhoruba hupiga. Twasema "dhoruba imepiga Elementaita" au "dhoruba ya mvua na radi". Wingi haubadiliki: dhoruba zimepiga.

Dhoruba ndiyo inayotuumiza zaidi katika kaunti yetu. Wingu kubwa la mvua likikomaa, mvua na mawe yanayoanguka huvuta hewa baridi kuelekea chini. Hewa hiyo ikigonga ardhi hutawanyika pande zote kwa kasi. Ule upepo wa baridi unaotangulia mvua kwa dakika chache, unaogonga madirisha na kuinua vumbi ghafla, ndio hewa hiyo. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Kwa mwenye nyumba ya mabati, upepo wa baridi wa ghafla ni dalili ya kuingia ndani na kufunga milango.

Kiswahili kina jozi nzuri ya vitenzi kwa jambo hili. Kuezeka ni kuweka paa, kwa nyasi, makuti au mabati. Kuezua ni kuliondoa paa hilo. Badala ya kusema "mabati yametolewa na upepo", sema "upepo umeezua mabati" au "paa la darasa limeezuliwa". Mti nao huvunjika au hung'olewa. Ukisema umevunjika, tunajua shina limekatika. Ukisema umeng'olewa, tunajua mizizi imetoka ardhini. Kwa afisa anayepokea ripoti, tofauti hiyo ina maana, kwa sababu mti uliong'olewa huweza kuwa umechimbua bomba la maji au ukuta.

Tufani

Tufani pia imetoka Kiarabu. Katika Kiarabu neno hilo hutaja mafuriko makubwa, na ndilo linalotumika katika Kurani kwa maji ya wakati wa Nuhu. Kiswahili kilipolipokea, kiliacha maji hayo kwa neno gharika, na tufani ikabaki kuwa upepo mkali, hasa wa baharini, unaochafua maji na kuinua mawimbi. Kinyume chake ni shwari, bahari iliyotulia. Kwa hivyo mvuvi wa Lamu akisema "kuna tufani", anakwambia usishuke na chombo.

Magazeti na vitabu huchanganya tufani na dhoruba, na si kosa kubwa. Hata kamusi huyafasiri kwa kukaribiana. Sisi katika matangazo ya kaunti tunapendelea dhoruba kwa nchi kavu na tufani kwa bahari na maziwa makubwa, ili msikilizaji apate picha moja.

Kimbunga

Sasa tufike kwenye neno lenyewe. Katika matumizi ya zamani na ya mitaani, kimbunga ni upepo wowote wenye nguvu nyingi, hasa unaozunguka. Matumizi hayo bado yako hai na hakuna anayeweza kuyafuta. Lakini katika taarifa za hali ya hewa neno hili limepata maana maalumu: mfumo mkubwa wa mawingu, mvua na upepo unaozaliwa juu ya bahari yenye joto, unaozunguka kitovu kimoja kinachoitwa jicho, na unaoweza kuwa na upana wa mamia ya kilomita na kudumu siku nyingi.

Katika Bahari Hindi ya kusini-magharibi, mfumo kama huo hupewa jina upepo wake unapofikia kasi ya takriban kilomita 63 kwa saa. Huitwa kimbunga kamili ukifikia takriban kilomita 118 kwa saa. Jina la kwanza hutoka kwenye orodha iliyoandaliwa na mataifa ya eneo hilo. Ndiyo maana tunasikia Idai, Kenneth na Hidaya. Hilo la mwisho ni neno la Kiswahili linalomaanisha zawadi.

Je, kimbunga cha aina hiyo kinaweza kufika Kariandusi? Hapana, kwa sababu mbili. Kwanza, kimbunga hula joto na unyevu wa bahari. Kikipanda nchi kavu hukosa chakula na kudhoofika haraka, na sisi tuko karibu kilomita 500 kutoka pwani, tena juu ya milima. Pili, ili mfumo huo uzunguke unahitaji msukumo unaotokana na dunia kujizungusha, na msukumo huo ni hafifu sana karibu na Ikweta. Vimbunga ni nadra kuzaliwa ndani ya nyuzi tano za Ikweta, na Kariandusi iko takriban kilomita 50 tu kusini mwa Ikweta.

Majirani zetu wa kusini hawana kinga hiyo. Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja, kikaangusha mikarafuu mingi na kuharibu meli za Sultani Barghash zilizokuwa bandarini. Aprili 1952 kingine kilipiga pwani ya Lindi, kusini mwa Tanzania ya leo. Machi 2019 Kimbunga Idai kilitua karibu na mji wa Beira, Msumbiji, na zaidi ya watu 1,000 walikufa katika nchi za Msumbiji, Zimbabwe na Malawi.

Lakini kusema kimbunga hakitufikii si kusema hakituhusu. Mwaka 2019 mkulima wa Gilgil aliyeandaa shamba mapema alisubiri mvua ya masika ikachelewa. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya ilieleza kwamba Idai ilikuwa imevuta unyevu kuelekea kusini. Wakati mwingine, kulingana na mahali kilipo baharini, kimbunga huweza kufanya kinyume na kutuongezea mvua. Kwa hivyo ukisikia kimbunga kimetajwa redioni, swali la kuuliza ni hili: mvua yetu itaongezeka au itapungua? Jibu hulipata kwenye utabiri wa kaunti.

Wiki moja ya 2024

Wiki iliyoanzia mwisho wa Aprili 2024 inatuonyesha kwa nini majina yanahitaji kunyooka. Alfajiri ya tarehe 29 Aprili, maji yaliyokuwa yamejikusanya nyuma ya tuta la reli yalipasua njia na kushuka hadi kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu, katika kaunti yetu. Makumi ya watu walipoteza maisha wakiwa usingizini au wakijaribu kukimbia. Siku chache baadaye Kimbunga Hidaya kilikuwa kinakaribia pwani ya Afrika Mashariki. Tarehe 3 Mei serikali ya kitaifa iliahirisha ufunguzi wa shule. Tarehe 4 Mei Hidaya ilifika Kisiwa cha Mafia, Tanzania, ikiwa imeanza kudhoofika.

Hatari zilikuwa mbili na kila moja ilidai hatua yake. Onyo la kimbunga lilimtaka mvuvi wa Pwani asiingie baharini. Onyo la mafuriko lilimtaka mkaazi wa bondeni ahamie mahali pa juu, mbali na mto. Mtu wa Mai Mahiu anayesubiri upepo hataangalia maji, na kule maji ndiyo yaliyoua. Jina sahihi la hatari humwambia mtu atazame upande gani.

Upatanisho wa kisarufi

Kosa linalosikika sana ni kulipa kila neno upatanisho wa "i": "upepo imevuma", "kimbunga imekuja". Usahihi ni huu:

Upepo umevuma, pepo zimevuma.
Kimbunga kimetua, vimbunga vimetua.
Kisulisuli kimepita, visulisuli vimepita.
Dhoruba imepiga, dhoruba zimepiga.
Tufani imechafua bahari. Tufani zimechafua bahari.

Kimbunga kinapopewa jina, tunaweza kusema "Kimbunga Hidaya kimedhoofika" au, kwa kifupi, "Hidaya imedhoofika". Yote yanakubalika, mradi sentensi moja isichanganye mitindo miwili.

Maneno haya hutumika kwa mafumbo pia. Twasikia "dhoruba ya kisiasa", "kimbunga cha madeni", "upepo umebadilika". Mafumbo hayo yanapamba hotuba na habari za michezo. Katika ujumbe wa tahadhari yaachwe kabisa.

Jinsi ya kutoa ripoti ya upepo

Unapompigia chifu, mzee wa Nyumba Kumi au afisa wa kaunti, mambo matano yanatosha:

1. Umeona nini: kisulisuli, dhoruba, mvua ya mawe au mafuriko.
2. Wapi: kijiji, wadi na alama inayojulikana, kama shule au kanisa.
3. Saa ngapi, na kama bado kinaendelea.
4. Kimeharibu nini: paa limeezuliwa, mti umeng'olewa, waya umeanguka.
5. Kuna aliyeumia au aliyenaswa?

Ripoti kama "kimbunga kimemaliza kila kitu" haimsaidii anayepanga gari la kutuma. Ripoti kama "dhoruba ya saa kumi jioni imeezua paa la madarasa mawili, hakuna aliyeumia, waya wa umeme uko chini karibu na lango" humwezesha kuamua mara moja.

Kabla ya mvua kuanza, kagua misumari ya mabati na uongeze palipolegea. Punguza matawi yaliyo juu ya nyumba. Panda miti ya kuzuia upepo mbali kiasi kwamba ikianguka isifike paa. Dhoruba ikikukuta njiani, usijikinge chini ya mti. Ikikukuta nyumbani, usipande juu kushikilia bati. Waya ukianguka, kaa mbali nao na uwaarifu Kenya Power kwa nambari 97771. Kwa dharura ya maafa, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupokea simu bila malipo kwa nambari 1199. Ujumbe wa hali ya hewa usioonyesha umetoka wapi na ni wa tarehe gani usiusambaze. Subiri taarifa ya Idara ya Hali ya Hewa au ya ofisi ya kaunti.

Zoezi

Jaza nafasi kwa kutumia: kisulisuli, dhoruba, tufani, kimbunga, mafuriko.

1. Wavuvi wa Lamu walirudi ufuoni kwa sababu ya ______ iliyochafua bahari.
2. ______ kilizunguka uwanjani saa saba mchana, kikabeba karatasi za wanafunzi, kisha kikaisha.
3. ______ Idai kilitua karibu na Beira mwezi Machi 2019.
4. ______ ya mvua na radi imeezua paa la zahanati.
5. Wakaazi wa bondeni walihamia mlimani kuepuka ______ yaliyokuwa yakishuka na mto.

Majibu: 1. tufani, 2. kisulisuli, 3. kimbunga, 4. dhoruba, 5. mafuriko.

Mwalimu anaweza kuongeza swali la sita: kila mwanafunzi aulize nyumbani upepo unaozunguka unaitwaje katika lugha ya mama, na alete jina hilo darasani. Kaunti yetu ina jamii nyingi, na majina yatakuwa mengi. Yaandikwe ubaoni, na mbele ya kila moja liandikwe neno la Kiswahili linalolingana nalo, ili siku ya tahadhari nyanya na mjukuu wawe wanazungumza juu ya upepo ule ule.